Joto lililopotea bondeni Cheju: jinsi nilivyolipata

Mlingoti wetu wa vipimo kwenye mpunga wa Cheju, Unguja, ulikuwa haufungi hesabu. Asubuhi, joto linalopanda hewani, lile linalochukuliwa na mvuke na linalozama ardhini, yote kwa jumla hayakufikia nishati iliyoingia. Jioni kinyume chake: ziada. Wenzangu wakaishuku anemomita ya sauti, yaani kipimo cha upepo kinachotumia mawimbi ya sauti. Nikaifuta, nikaipima wima, nzima kabisa.

Ile ziada ya jioni ndiyo iliyonifumbua macho. Kuna kitu kinaweka akiba mchana na kuitoa jua likizama, na bondeni kitu hicho ni maji yenyewe. Maji ya kina cha sentimita 10 yakipanda nyuzijoto 1 kwa saa humeza wati 116 hivi kwa kila mita ya mraba. Kipimo cha joto linalozama ardhini, kilichofukiwa kwenye tope, hakiyaoni hayo.

Nikachomeka ufito, nikafunga vipimajoto juu, kati na chini, nikavikinga jua kwa bomba jeupe lenye matundu, na rula ya kusomea kina ubavuni. Rula usiiache: mkulima akikata tuta, kina hubadilika siku hiyohiyo. Akiba ya joto la maji nikaiingiza kwenye hesabu ya kila nusu saa. Ziada ya jioni ikatoweka. Asubuhi pengo limebaki dogo, la kawaida kwa mbinu hii ya kupima joto na mvuke kwa mlingoti.