Pevingi badala ya zege la zamani: fedha iingie chini kabla ya juu

Zege la njia ya gari likichoka linajisema lenyewe. Ufa wa kwanza hukatiza katikati, wa pili hufuata mstari wa tairi, halafu kona ya geti inazama na kila mvua ya masika inaacha dimbwi palepale. Kwa nyumba za Tanga zilizo karibu na maji, kama za Raskazone, kuna dalili nyingine: doa la kahawia juu ya zege, kisha kipande kinabanduka kama ganda na chini yake unaiona nondo imevimba. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inapenya zege lenye matundu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Zege linapasuliwa kutokea ndani. Ukilipiga kiraka cha saruji hapo, umepaka rangi jino bovu.

Watu wengi wakiamua kuhamia pevingi, yaani vitofali vya zege vya kutandika chini, swali la kwanza ni bei ya kitofali. Si swali baya, ila kitofali ni ngozi tu. Kinachobeba gari ni tabaka lililo chini yake, na karibu kila njia ya pevingi iliyobonyea hapa mjini ukiifumua unakuta vitofali vizima juu ya udongo ambao haukushindiliwa.

Ivunjwe au itandikwe juu yake?

Kutandika juu ya zege la zamani kunawezekana kwa masharti mawili: zege liwe zima, lisilocheza, na kimo kikubali. Kitofali cha sentimita 6 na mchanga wa sentimita 3 vinainua njia kwa sentimita 9. Pima geti kama litafunguka. Pima pia ukuta wa nyumba: uso wa pevingi ubaki angalau sentimita 15 chini ya ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu iliyo juu ya msingi, la sivyo plasta ya ndani itaanza kuchanua chumvi. Na hata kimo kikikubali, maji yanayopenya kwenye viungo yatakaa juu ya zege kama kwenye sinia, kwa hiyo litobolewe matundu ya sentimita 5 sehemu za chini ya mteremko na yajazwe kokoto ndogo. Fundi akisema matundu hayana haja, huyo hajaifumua kazi yake mwenyewe baada ya masika mbili.

Zege lenye nyufa zinazopishana kimo, au lililoinuliwa na mizizi ya mwembe au mkungu, livunjwe lote.

Hesabu kabla ya kuita lori

Tuchukue njia ya mita 12 kwa mita 3, yaani mita za mraba 36. Zege la unene wa sentimita 10 hapo ni mita za ujazo 3.6, uzito wa tani 8 na nusu hivi. Likishavunjwa linavimba na kuwa kama mita za ujazo 5 na nusu. Halafu inakuja sehemu inayosahaulika kwenye makubaliano mengi: udongo. Kutoka uso wa pevingi kushuka chini unahitaji sentimita 24, yaani 6 za kitofali, 3 za mchanga na 15 za msingi wa kokoto. Zege limetoa 10, zimebaki 14 za kuchimba, na hizo ni mita za ujazo 5 nyingine za udongo wa kubeba. Msipoandikiana nani anauondoa, utaukuta umerundikwa kwenye mtaro wa jirani.

Vitofali vya milimita 200 kwa 100 vinaingia 50 kwa mita ya mraba. Kwa mita 36 ni 1,800. Ongeza asilimia 5 kwa mpangilio wa mraba, au asilimia 10 ukipanga kwa mshazari kwa sababu vipande vya kukata pembeni ni vingi. Vile vya umbo la zigizaga hesabu yake ni tofauti, kwa hiyo panga mita moja ya mraba palepale kiwandani uvihesabu mwenyewe. Kwa gari dogo unene wa sentimita 6 unatosha. Kama boza la maji au lori la mchanga litaingia mara kwa mara, nunua vya sentimita 8.

Msingi uzidi ukingo kwa sentimita 15 kila upande ili mawe ya ukingo yakae juu yake. Hapo eneo ni kama mita za mraba 40, kwa sentimita 15 ni mita za ujazo 6 zilizoshindiliwa, nawe agiza 7 na nusu kwa kuwa zinabonyea. Mchanga wa kulalia ni mita moja na robo ukihesabu na upotevu. Mchanga wa kujazia viungo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, karai 6 hadi 8. Ukingo wa mita 27 unakula kama mita za ujazo 0.8 za zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), yaani mifuko 5 ya saruji. Lori lisimwage kabla hujapima bodi lake kwa futi kamba: urefu kwa upana kwa kina cha mzigo wenyewe. Neno «tripu» si kipimo.

Kitofali kipimwe mkononi

Gonganisha viwili. Kizuri kinalia kama kigae, kibovu kinatoa sauti ya mbao. Vunja kimoja uangalie ndani: ukiona matundu na kokoto zinazong'oka zikiwa safi, bila saruji kuzishika, acha. Kwaruza uso kwa msumari. Ukitoa unga, tairi nazo zitautoa. Pima unene wa kumi ulivyoviokota ovyo kwenye rundo, vikitofautiana zaidi ya milimita 3 utavikwaa kwa kidole cha mguu kila siku. Uliza vimetengenezwa lini na vilimwagiliwa kwa muda gani. Saruji inafikia nguvu yake ya kawaida siku ya 28, na kitofali kilichoachwa juani siku mbili bila maji hakitafika huko hata kikae mwaka. Saruji yenyewe si kisingizio hapa kwetu, kiwanda kiko Pongwe, hapa hapa Tanga.

Msingi

Mabonge ya zege la zamani yanaweza kutumika, na ni akiba nzuri, lakini yapondwe hadi yasizidi ukubwa wa ngumi ya mtoto, nondo zote zitolewe, kisha yachanganywe na vumbi la kokoto kujaza nafasi. Mabonge makubwa yaliyolazwa chini kama magodoro yanaacha mapango. Mchanga unashuka humo polepole, na baada ya miezi sita unaona shimo la duara katikati ya njia, vitofali vimezama vyote pamoja bila hata kimoja kuvunjika.

Ukifika kina, shindilia udongo wenyewe kwanza. Ukichimba ukakuta jiwe la matumbawe, bahati yako, hapo pagumu. Ukikuta udongo mweusi unaonata kwenye chepeo na kupasuka ukikauka, ongeza kina kwa sentimita 10 hadi 15, kwa sababu unavimba na kusinyaa kwa majira. Palipo laini, mguu unapozama, usipatandikie kokoto juu. Chimba uondoe, ujaze moramu. Kabla ya kufunika, laza bomba moja au mawili ya plastiki ya inchi 4 yakatize njia, uzibe ncha. Siku ya kupitisha bomba la maji au waya wa taa za ukutani hutafumua kitu.

Kisha mwaga kokoto zenye mchanganyiko wa ukubwa pamoja na vumbi lake, si kokoto za saizi moja ambazo huteleza zenyewe kwa zenyewe. Tandaza kwa tabaka mbili, kila moja isizidi sentimita 10 kabla ya kushindiliwa. Nyunyizia maji: ukifinya konzi moja ishikamane bila kuchuruzika. Kompakta ya sahani ya kilo 90 au zaidi ipite mara nne, mara mbili kwa urefu na mbili kwa upana. Gogo la kutwangia kwa mikono halifai kwa njia ya gari, tulitumie kwenye pembe tu. Kupima ni rahisi. Pitisha gari taratibu juu ya msingi mtu akiwa amechuchumaa pembeni kuangalia, palipocheza, pachimbwe.

Mteremko uanze hapa hapa, usisubiri mchanga kuurekebisha. Sentimita 2 kwa kila mita, kukimbia nyumba. Kwa upana wa mita 3 ni tofauti ya sentimita 6, ipimwe kwa uzi na mpira mwangavu uliojazwa maji ya kuonyesha usawa. Kuna viwanja ambavyo barabara ya mbele imeinuliwa kwa lami mara kadhaa na sasa ua uko chini yake. Hapo weka mfereji wenye chuma cha wavu kukatiza geti, na maji yake yapelekwe kwenye shimo lenye kokoto, mbali na nyumba na mbali na shimo la choo.

Ukingo, mchanga, vitofali

Ukingo ndio mshipi. Bila huo vitofali vinatawanyika kidogo kidogo, viungo vinafunguka, mchanga unatoka, basi. Mawe ya ukingo yakae kwenye zege bichi na yaegemezwe kwa zege mgongoni hadi theluthi mbili ya kimo, yakae siku tatu kabla ya kompakta kuyakaribia.

Kwa mchanga wa kulalia, tafuta wa mto, wa chenga kubwa. Mchanga wa ufukweni, hata ukiletewa bure mlangoni, haufai: ni laini na wa duara hivyo unahama, na chumvi yake inapanda na kuacha ukungu mweupe juu ya vitofali. Na kuchota ufukwe ni kuialika bahari. Laza mabomba mawili ya inchi moja juu ya msingi kama reli, jaza mchanga katikati, vuta ubao ulionyooka juu yake, ng'oa mabomba, ziba mifereji. Unapata karibu sentimita 3 sawasawa. Baada ya hapo asikanyage mtu wala kuku. Msingi ukiwa na bonde, bonde lijazwe kokoto. Ukilijaza kwa mchanga, hapo ndipo patakapobonyea.

Kuna mazoea ya kuchanganya saruji kavu kwenye mchanga huo, eti uwe mgumu. Sikubaliani nayo kwa njia ya gari. Unakuwa ganda jembamba lisilo na nguvu ya zege wala ulaini wa mchanga. Gari likipita linapasuka, maji yanakosa pa kushukia, na siku ya kufumua vitofali vinatoka na mabonge yameng'ang'ania.

Anzia kwenye ukingo ulionyooka, pembe mraba ipatikane kwa 3, 4, 5: pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, na mshazari kati ya ncha zake uwe 5. Mpangilio wa mfupa wa samaki ndio unaostahimili tairi linalokata kona. Ule wa matofali ya ukuta, safu kwa safu, unateleza kuelekea geti kila gari linapofunga breki, kwa hiyo uache kwa njia za miguu. Kiungo kiwe milimita 2 hadi 5. Vuta uzi kila mita moja na nusu, chukua vitofali kutoka marundo matatu kwa pamoja ili rangi zisijitenge viraka. Viache vikae juu ya kimo cha mwisho kwa karibu sentimita moja, kompakta itavishusha. Pembeni usitumie kipande kilicho chini ya theluthi ya kitofali. Kata viwili vikubwa badala ya kimoja kizima na kijisehemu. Grinda iwe na diski ya almasi, na mkataji afunike pua, vumbi hilo linaua mapafu.

Kompakta inapita kwanza viungo vikiwa vitupu, sahani ikiwa imevalishwa raba ili isichubue. Vilivyopasuka vitolewe saa hiyo hiyo kwa bisibisi mbili. Ndipo ufagiwe mchanga laini mkavu, uliochekechwa kwa wavu wa dirisha. Mkavu kweli: kwa unyevu wa pwani hii utandaze kwenye turubai tangu asubuhi, kwa sababu ukiwa na unyevu unaziba mdomo wa kiungo na chini kunabaki tupu. Fagia, shindilia, fagia tena, mpaka usishuke. Rudia baada ya wiki mbili na baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Kazi yote ni siku sita hadi nane kwa mafundi wawili na vibarua watatu. Iwekwe Januari na Februari au kuanzia Juni hadi Septemba. Shimo la sentimita 24 likikutwa na masika linageuka bwawa, na msingi unaanzwa upya.

Ukungu mweupe unaotokea miezi ya mwanzo hata kwa mchanga safi ni chokaa ya saruji, unaisha kwa mvua na ufagio, usiumwagie tindikali. Majani yanayoota kwenye viungo hayatoki chini, ni mbegu za upepo, hivyo karatasi ya nailoni chini ya mchanga haizuii chochote zaidi ya maji kushuka. Sisimizi wakianza kutoa vichuguu, rudishia mchanga. Oili iliyomwagika ifunikwe majivu usiku kucha, kisha maji ya moto na sabuni. Na katika vile vitofali vya ziada, vizima 50 vihifadhiwe nyuma ya banda, maana rangi ya mzigo ujao haitalingana na wa kwanza.