Neno moja limenishika tangu asubuhi

Leo nilikuwa natafsiri barua, nikakwama kwenye neno la Kiingereza "depravity".

Maana yake naijua: uovu uliomwingia mtu hadi ndani. Ila nikafungua kamusi nione limetoka wapi.

Kilatini. "Pravus", yaani kilichopinda.

Nikaweka kalamu chini.

Maana sisi tunasema upotovu, na kupotoa ni kupinda kitu, kukitoa kwenye mstari wake. Na mtu mwema tunamwita mnyoofu! Lugha mbili zisizo na undugu, picha ileile: moyo kama kijiti kilichokuwa kimenyooka, kikapindwa.

Kikapindwa. Hapo ndipo ninapoumia.

Wenzangu, katika lugha zenu za nyumbani uovu wa namna hii mnauitaje? Nao umepinda, au umeoza? Niandikieni hapa chini.