Nani wa pili? Kocha Bill Tierney kwa macho ya beki mstaafu

Tangu 2012 naendesha basi la shule hapa Denver, Marekani. Siku za michezo watoto hupanda na fimbo zao zenye wavu kichwani, wanazigongesha kwenye viti mpaka naamua kuzima redio tu. Mara ya kwanza nilipompiga picha mmoja ameshika fimbo yake, nikamtumia mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Tanga, naye akajibu: "Shikamoo Mwalimu. Huko nako mnavua dagaa?"

Mchezo wenyewe ni lakrosi. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waliucheza karne nyingi kabla ya vyuo vya Marekani kuanza kuucheza. Upande mmoja wachezaji 10: kipa, mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji watatu. Mpira mdogo wa raba hubebwa na kurushwa kwa ule wavu. Goli ni futi 6 kwa 6, na nyuma ya goli kuna uwanja unaochezwa. Mtu anasimama huko nyuma na mpira, anatulia, anachungulia nani wa kumpasia. Mimi nilicheza kandanda, beki wa kati, ujanani, nikafundisha timu ya shule ya sekondari miaka 11. Nilizoea kwamba nyuma ya kipa kuna miembe na watazamaji tu. Huu mchezo ulinitia kizunguzungu.

Jamaa mmoja wa Kampala tunayesali naye ndiye aliyenipeleka uwanja wa Peter Barton, hapo Chuo Kikuu cha Denver. Nilitazama dakika kumi bila kuelewa kitu, kisha nikaanza kusikiliza. Mabeki wa Denver walikuwa hawanyamazi. Kila mpira ukihama, mmoja anapaza sauti kwamba wa kwanza ni yeye, mwingine kwamba wa pili ni yeye. Jamaa akanifafanulia: beki mwenzako akipitwa, wa kwanza anaacha mtu wake anakwenda kumzuia mwenye mpira. Sasa yule aliyeachwa yuko peke yake, kwa hiyo wa pili anamkimbilia huyo. Wengine wote wanasogea, na beki aliyepitwa anarudi kuziba popote palipobaki wazi. Yote hayo kwa sekunde mbili hivi, na lazima yawe yamepangwa kwa mdomo kabla mtu hajapitwa.

Nikamuuliza, "Nani kawafundisha?" Akaninyoshea kidole mzee mmoja pembeni mwa uwanja. Nilikuwa namtazama Bill Tierney, na tangu siku hiyo nimemsoma kama mtu anavyosoma matokeo ya ligi.

Kwao ni Levittown, Long Island, jimbo la New York. Alicheza chuo cha Cortland, akafundisha shule za sekondari, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akashika timu ya chuo cha ufundi cha Rochester. Kutoka hapo akaenda Johns Hopkins kuwa kocha msaidizi, na chuo kikabeba ubingwa wa taifa 1985 na 1987. Kilichonifurahisha zaidi: hapo Hopkins alikuwa pia kocha wa kandanda. Basi ni mwenzetu.

Princeton walimchukua kwa msimu wa 1988, akashinda mechi 2, akafungwa 13. Kwetu mwalimu wa michezo akipata matokeo hayo, muhula unaofuata anaongezewa vipindi vya Uraia na filimbi anapewa mwingine. Na Princeton ni chuo kisichotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kwa hiyo huwezi kumvuta kijana kwa kumlipia ada. Inasimuliwa kwamba vijana wake wa mwanzo aliwaambia watakuwa mabingwa wa taifa kabla hawajamaliza chuo. Mimi niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba tutafika UMISSETA taifa, yale mashindano ya shule za sekondari Tanzania. Hatukuvuka hata mkoa, na nikaacha kuahidi.

Yeye ahadi ilitimia. 1992, mjini Philadelphia, Princeton iliifunga Syracuse 10-9 katika muda wa nyongeza wa pili, kwa bao la Andy Moe. Kipa Scott Bacigalupo ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali. Kwenye ulinzi alikuwapo David Morrow, ambaye babake alikuwa na karakana ya mabomba ya chuma Michigan. Fimbo zilimvunjikia mno, wakatengeneza mpini wa titani, na humo ikazaliwa kampuni ya Warrior. Beki kavunja fimbo mpaka kapata biashara! Nimesimulia hadithi hii kwenye basi mara nyingi, watoto hawanisikilizi tena.

Ubingwa ukaja tena 1994, 1996, 1997, 1998 na 2001. Mwaka 1998 aliongoza pia timu ya Marekani kutwaa ubingwa wa dunia huko Baltimore, wakiifunga Kanada kwa bao moja. Nilikaa na orodha hiyo nikaona jambo. Kati ya fainali sita alizoshinda na Princeton, nne (1992, 1994, 1996 na 2001) ziliamuliwa katika muda wa nyongeza, kwa tofauti ya bao moja. Mtu atasema ni bahati. Beki hatasema hivyo. Muda wa nyongeza wa lakrosi bao la kwanza linamaliza mechi. Ukikosea mara moja umekwenda nyumbani. Timu inayojua nani wa pili hata miguu ikiwa imechoka ndiyo inayobaki uwanjani.

Fainali ya 2001 kipa alikuwa mwanawe, Trevor. Mimi nilimpanga mtoto wa dada yangu mechi moja tu ya kirafiki, na wazazi wakanong'ona wiki nzima.

Halafu 2009 akaondoka. Alishakaribia miaka 60, umri ambao kwetu mtu anakusanya barua zake za ajira akifuatilia kiinua mgongo, naye akahamia Denver, mbali na pwani ya mashariki ambako ndiko mchezo wenyewe ulikuwa. Chuo cha huku magharibi kilikuwa hakijawahi hata kufika nusu fainali ya taifa. Denver ilifika 2011, ikatolewa. 2013 ikatolewa kwa bao moja. 2014 ikatolewa tena.

Kiangazi hicho hicho cha 2014 kombe la dunia la lakrosi lilichezwa hapa jirani, Commerce City, na Uganda wakawa taifa la kwanza la Afrika kushiriki. Tulikwenda na jamaa yangu tukapiga kelele kwa Kiganda na Kiswahili mpaka sauti zikakauka. Jirani akiwa mbali na kwao ni ndugu.

Tarehe 25 Mei 2015, sikukuu, basi halitoki. Nilitazama fainali nyumbani: Denver 10, Maryland 5. Nusu fainali waliishinda Notre Dame kwa bao la nyongeza la Wesley Berg, kijana wa Kanada, na kwenye fainali akafunga matano peke yake. Gazeti zima liliandika Berg. Mimi nilitazama ile 5 ya Maryland. Tierney akawa kocha wa kwanza wa wanaume kutwaa ubingwa huo wa daraja la kwanza na vyuo viwili.

Aliaga chuo 2023, akiwa na ushindi zaidi ya 400, kisha akachukua timu ya kulipwa, Waterdogs. Mke wangu alipoona habari hiyo alisema, "Huyo hajastaafu, kabadilisha ofisi tu."

Wiki iliyopita niliegesha basi kando ya uwanja nikisubiri watoto wamalize. Beki wetu mmoja mdogo akapitwa, wenzake wakabaki wanamtazama. Nilijikuta nimetoa kichwa dirishani napiga kelele, "Wa pili! Nani wa pili?" Kwa Kiswahili. Watoto wote wakageuka kunitazama mimi, na goli likaingia.