Spina ya trauti: bapa lianze mapema, lizunguke polepole

Wavuvi wengi wanaopanda milima ya Poroto au kwenda Mufindi, kusini mwa Tanzania, kutafuta trauti, samaki wa mito ya maji baridi, hutumia muda mrefu kuchagua rangi ya spina (chambo bandia chenye bapa, yaani kijibati kinachozunguka kwenye waya kikivutwa), lakini hawaangalii kama bapa lake linazunguka inavyotakiwa. Samaki wengi hupotea hapo. Trauti huhisi mtikisiko wa maji kwa mstari wa ubavuni mwake, na mtikisiko huo huletwa na bapa. Kwa hiyo spina nzuri ni ile ambayo bapa lake huanza kuzunguka mara tu unapoivuta, na haliachi hata ukivuta taratibu sana.

Ijaribu kabla ya kuirusha. Tafuta maji yaliyotulia kando ya mto, acha mshipi wa nusu mita kutoka ncha ya fimbo hadi kwenye spina, kisha iburute kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Bapa lianze kuzunguka ndani ya sentimita 20 au 30. Ikibidi uishtue ndipo lianze, kuna kitu kinalizuia.

Anza na kile kikuku kidogo chenye umbo la U kinacholishika bapa. Matundu yake hujaa mchanga, ukungu wa kijani wa shaba na nyuzi za majani ya mtoni. Loweka spina kwenye siki kwa dakika kumi, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji safi. Kisha angalia shanga iliyo chini ya kikuku, kwa sababu kikuku huzungukia juu yake. Shanga ikiwa na mkwaruzo au ufa, bapa hukwama hata kama kila kitu kingine ni kizima. Shanga ya shaba laini ni bora kuliko ya plastiki. Mwisho, tazama waya kwa jicho moja kutoka kwenye tundu la mshipi. Waya uliopinda baada ya kunasa kwenye jiwe huiyumbisha spina nzima. Unyooshe kwa koleo mbili, taratibu, na ukishakunjika kabisa tupa spina hiyo, kwani waya wa namna hiyo hukatika samaki akiwa upande wa pili. Kwa wanaojiundia spina wenyewe: upande wa bapa uliobonyea ndani lazima uelekee kwenye waya. Ukigeuzwa, bapa halizunguki vizuri.

Umbo la bapa lina kazi yake. Bapa pana, kama la spina iitwayo Mepps Aglia iliyotoka Ufaransa mwaka 1938, hufunguka kwa pembe ya takribani nyuzi 60 kutoka kwenye waya. Huzunguka kwa mwendo mdogo na hutikisa maji sana, lakini pia huiinua spina juu. Hilo ndilo la maji ya polepole na madimbwi yasiyo na kina. Bapa jembamba refu hufunguka takribani nyuzi 30, hukata maji na kushuka chini, lakini hutaka mwendo zaidi. Kwenye mkondo wa kasi kama sehemu za juu za mto Kiwira, bapa pana hupanda na kukimbia juujuu huku samaki wamelala chini nyuma ya mawe. Tumia jembamba hapo. Kwa trauti wa mito yetu, spina ya ukubwa wa namba 0 ya gramu 2.5 na namba 1 ya gramu 3.5 zinatosha, na mshipi wa nailoni wa milimita 0.18 hadi 0.20. Mshipi mnene huiburuta spina ndogo juu na kufupisha mrusho.

Mahali pa kusimama pana uzito kuliko rangi. Trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo simama upande wa chini wa dimbwi na urushe kuelekea juu ya mto, mita moja au mbili kupita pale unapodhani yupo. Spina ikigusa maji, kaza mshipi na uishtue mara moja ili bapa lifunguke, kisha vuta kwa kasi iliyozidi mkondo kidogo tu. Rili ndogo, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, huvuta kati ya sentimita 60 na 70 kwa kila mzunguko wa mkono, na kwenye maji yaliyotulia mzunguko mmoja kwa sekunde mara nyingi ni wa kutosha. Ncha ya fimbo inapaswa kukuletea mdundo wa bapa. Mdundo ukikatika, ama umenasa jani, ama samaki ameigusa. Ukirusha kuelekea chini ya mto, usivute sana. Mkondo wenyewe utalizungusha bapa.

Samaki akifuata bila kuuma, na hilo ni jambo la kawaida kuanzia Juni mito inapopungua na maji kuwa maangavu, shuka namba moja au badili bapa la fedha kwa la shaba nyekundu au jeusi. Simamisha rili kwa nusu sekunde, kisha vuta tena. Wakati wa mvua, maji yakiwa na tope, panda namba na tumia bapa pana la dhahabu. Tope likiwa zito kama chai ya maziwa, rudi nyumbani.

Mshipi kujisokota ndiyo adha kubwa ya spina. Bapa peke yake ndilo lizunguke, siyo mwili. Funga suiveli ndogo, yaani kiungo cha chuma kinachozunguka, sentimita 40 juu ya spina, maana ikikaa puani mwa spina huwashtua samaki wa maji maangavu na kuharibu uzani. Mshipi uliokwisha kujisokota, ondoa spina, achia mita 50 mkondoni kwa dakika tatu, utajifungua.

Ndoano nayo: ikokote ncha juu ya ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, ni butu. Inoe kwa tupa ndogo, ukielekeza kila pigo kwenye ncha. Ndoano ya ncha tatu hunasa kwenye miti na kumjeruhi samaki. Badala yake weka ya ncha moja isiyo nzito kuliko ile iliyotoka, na ukibana kile kijino cha nyuma ya ncha utamwachia samaki mdogo bila kumtoa damu.

Kwa watakaoshuka Kyela au Matema kumtafuta mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, kanuni ni zilezile, ila spina ni namba 3 au 4. Mbasa hupanda mito kutaga msimu wa mvua, na amepungua. Mwache apite wakati huo. Na popote uendapo, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu kibali kwanza.