Siku vidole vya bi harusi vilipopotea

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka 22, kazi yangu kuchora hina na piko pale Ngamiani, Tanga, na kichwa nilikuwa nacho tangu sekondari. Sio kile cha jua unachomeza Panadol ukalala kikaisha, hiki changu kinakamata upande mmoja, kinagonga, mtu akiangusha sufuria jikoni unatamani kulia, na mpaka utapike ndo unapata angalau. Nyumbani walishazoea, wakiniona nimejifunga kanga kichwani na dirisha nimefunga wanajua leo sisemeshwi.

Sasa siku hiyo nilikuwa Makorora kwa bi harusi, usiku wake sikulala vizuri, asubuhi chai kavu nikapanda boda, mpaka alasiri tumboni hamna kitu, chumba kidogo wanawake tele, joto la Tanga mnalijua, na udi unafukizwa kama tunafukuza mbu. Mkono wa kulia nimemaliza, nipo wa kushoto, nataka kushusha ua kwenye vidole, naangalia, vidole viwili havipo! Kiganja nakiona vizuri kabisa ila pale kwenye vidole pana uwazi tu hauna hata rangi, na pembeni yake kimstari kinawakawaka, kimekatakata kama meno ya msumeno. Nikafumba jicho moja, bado kipo. Nikafumba la pili, kipo vilevile. Kikawa kinatanuka pole pole kwenda pembeni, mara vidole vyangu mwenyewe vikaanza ganzi, ganzi ikapanda mkono mpaka ikafika midomoni, nataka kuomba maji najisikia nasema nipeni mafuta, narudia, mafuta tena.

Weee, ilikuwa tafrani. Shangazi wa bi harusi akasema huyu kapandisha, udi umemwita mwenyewe, mwingine kashaanza kunisomea, mwingine ananiuliza we nani na unataka nini, yani anaongea na jini sio mimi. Bibi mmoja kwenye mkeka ndo akawakemea, "Mwacheni mtoto wa watu, hicho kipandauso, mlazeni gizani." Nikalazwa chumba cha ndani, ulimi ukarudi, na kichwa nacho kikaingia kwa nguvu zake zote.

Hospitali nilipelekwa kilipopoa. Dokta alikuwa dada tu, na kitu cha kwanza aligomba, eti mtu anapata ganzi na maneno yanampotea kwa mara ya kwanza mnakaa naye nyumbani, mngejuaje kama sio kiharusi? Akanipima nguvu za mikono, macho, presha, akaniambia elezea huo mwanga. Nikashindwa. Nikamwomba karatasi nikamchorea, na kuchora ndo kazi yangu, nikaweka meno yote na lile pengo katikati. Akaiangalia akasema basi, hii naijua, ni kipandauso kweli.

Kumbe ule mwanga hautoki machoni, unatoka kwenye ubongo huku kisogoni kwenye sehemu ya kuona, kuna kitu kama wimbi linatembea pale taratibu mno, milimita 3 hivi kwa dakika, ndo maana ufumbe jicho lipi unaona tu, na ndo maana kinatanuka badala ya kuja kwa mkupuo. Likifika sehemu ya hisia unapata ganzi, likifika ya maneno unaomba mafuta. Kwa kawaida kila dalili inachukua dakika 5 mpaka saa moja afu kichwa kinafuata, na usipokitibu kinaweza kukaa saa 4 mpaka 72. Akauliza nani mwingine nyumbani anacho, nikakumbuka marehemu mama na ile tabia yake ya kujifungia, sisi tulidhani ana hasira.

Dawa akasema kichwa kikianza tu meza, usingoje kikomae, na ya kuzuia kutapika pamoja, maana kipindi hicho tumbo linagoma na kidonge kinakaa tu. Ila vidonge vya kawaida vya maumivu ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi mitatu, vyenyewe vinaanza kuleta kichwa, vile vyenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja hata siku 10 zinatosha. Ya kuzuia kichwa kisije alitaka kunipa propranolol, nikamwambia nina pumu, akaiacha hapo hapo, akaniandikia amitriptyline dozi ndogo usiku. Inakausha mdomo hiyo na asubuhi unaamka mzito, lakini vichwa vilipungua kweli.

Afu akafunga mlango akaniuliza kama nameza vidonge vya majira. Nilikuwa nimeposwa, nilikuwa na mpango huo. Akasema mwenye mwanga kama wako vile vyenye estrojeni avikwepe, vinaongeza hatari ya kiharusi, kuna kijiti na njia nyingine zisizo na hiyo homoni. Hili nawaambia mashoga zangu wote, wengi hata hawajawahi kusikia.

Akanipa kazi ya kuandika kwenye daftari kila kichwa kinapokuja, nilikula saa ngapi, nililala vipi, siku zangu lini. Njaa na usingizi vikajitokeza karibu kila ukurasa. Sa hivi ukiniita kuchora nakwambia mapema, nakula kwanza na udi uwashwe nikishaondoka. Wapo wanaosema naringa, na mchoraji mwingine hawatamkosa, Ngamiani tumejaa.