Siku moja maishani mwangu: "Amepewa"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Trela zinazoelekea Malaba zimeniamsha kabla ya simu. Naishi Tororo na kazi yangu ni kutoa nusukaputi. Mimi si daktari, ni ofisa tu, kama wengi wanaolaza wagonjwa usingizi katika hospitali za Uganda. Leo naingia thieta jioni, maana mchana tuna mazoezi ya kukabidhiana wagonjwa. Nimenuna tangu jana. Miaka tisa kazini, leo nifundishwe kukabidhi mgonjwa?

Saa mbili. Chai ya maziwa, chapati, boda, nimefika. Tuko maofisa, manesi na wakunga wawili. Kuna Mjapadhola, Mteso, Msamia, Mganda. Fomu zote ni za Kiingereza, ila sisi wenyewe tunaelewana kwa Kiswahili.

Saa tatu. Mkufunzi anatuandikia herufi nne ubaoni, SBAR: hali ilivyo sasa, historia, tathmini, unachoomba kifanyike. Mpango huu, anasema, ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani. Tororo na nyambizi wapi na wapi! Lakini nimenakili.

Saa nne na nusu. Zamu yangu. Mgonjwa ni mdoli wa plastiki mwenye wigi: mama wa kifafa cha mimba, ametoka kupasuliwa kwa ganzi ya sindano ya mgongo. Magnesiamu ya kuanzia, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 mshipani na 10 matakoni, alipata saa tatu. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa nne, kwa hiyo inayofuata ni saa saba. Nimemsukuma hadi chumba cha kuzindukia, nikamkabidhi kwa nesi, nikajiona nimemaliza vizuri sana.

Dakika chache baadaye mkufunzi akatangaza kuwa sasa ni saa nane, akaingia chini ya kitanda na kukitikisa. Mdoli ana degedege! Wigi likaanguka. Tulicheka, kisha nesi akauliza, "Si ulisema magnesiamu amepewa?"

Saa sita. Tunatazama video. Kumbe wakati nakabidhi nimempa nesi mgongo, naongea na mtungi wa oksijeni huku nafungua koki. Yeye anafunga mkanda wa presha. Na kweli, nimesema "amepewa". Amepewa na nani? Ngapi? Saa ngapi? Neno hilo moja limemeza yote matatu. Mimi nilimaanisha ile ya kuanzia, yeye akaelewa hakuna iliyobaki, hata ya saa saba. Hakuna aliyekosea dawa, na hapo ndipo ubishi wangu wote ulipoisha.

Mkunga mmoja mzee akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye fomu. Sisi tunasema saa nne, faili linataka 10. Mtu akiandika 4 kwa haraka, anayekuja usiku anasoma alfajiri. Mkufunzi alinyamaza, akaliandika kwenye daftari lake.

Saa saba. Posho, yaani ugali, na maharage. Mchana tumerudia mara tatu: vifaa kwanza, kisha mikono chini, mmoja anaongea, mwingine anarudia alichosikia. Inachosha.

Saa kumi na mbili jioni. Thieta. Mambo yakajipanga kama kwa makusudi: mama wa kweli, presha 170 kwa 110, dozi ya kuanzia ameipata wodini muda huohuo. Upasuaji ukaenda salama, mtoto akalia.

Saa mbili na robo usiku. Nimefunga oksijeni, nesi amefunga mkanda wa presha, tumeangaliana. Nikasema: "Mkunga wa wodini alimpa gramu 14 saa kumi na mbili jioni. Mimi sijampa nyingine. Inayofuata ni 5, saa nne usiku, ukishapima mshtuko wa goti, pumzi na mkojo."

"Saa nne usiku," akarudia, akaandika 22:00 kwenye plasta, akaibandika kwenye chupa ya dripu. Kisha akanitazama. "Na mkojo sasa hivi ni kiasi gani?"

Sikuwa nimeangalia. Tukainama wote wawili kutazama mfuko wa mkojo chini ya kitanda.