Safari yetu ya Dodoma: nilivyomtoa mama mkwe Mvumi hadi Kolo

Mwaka juzi nilirudi Dar kutoka Dodoma nimechoka kuliko nilivyokwenda, na juu ya uchovu nikabeba lawama. Kwa siku tatu tulikula kwenye nyumba saba. Kila tulikoingia kuku ameshachinjwa, na kila tulikotoka tuliacha sahani nusu kwa sababu matumbo yalishajaa vya nyumba iliyotangulia. Mama mkwe, ambaye ndiye hasa tuliyemfuata, tulikaa naye saa moja na nusu. Shangazi mkubwa wa mume wangu aliniona nimeacha tonge kwenye sahani yake, akanyamaza. Ule ukimya wake ulinifuata mpaka Mbagala. Wanangu walipoulizwa wameona nini Dodoma, mdogo alijibu neno moja: "Makochi."

Likizo ya Juni iliyopita nikasema hapana, safari hii napanga. Mume wangu alibanwa na kazi, hivyo tulikuwa mimi na watoto wawili, binti wa miaka kumi na moja na mdogo wake wa saba.

Wiki tatu kabla ya kuondoka nilimpigia simu mama mkwe mwenyewe. Sikupitia kwa wifi, kama nilivyozoea, kwa sababu kwa wakwe zangu neno likishatoka kwa mama halina mjadala. Nikamwambia ukweli: mama, mara ile nilikukosea, nilikuja kwako nikaondoka kama mtu anayehesabu sensa. Nikamwomba awaite ndugu wote wa Mvumi, kijijini kwao, nyumbani kwake siku ya Ijumaa, mimi nije na mchele, mafuta, sukari na hela ya mbuzi. Ndugu wa mjini tukutane nao Jumamosi mnadani Msalato, tule pamoja, badala ya kuzunguka Ilazo, Nkuhungu na Chang'ombe nyumba kwa nyumba.

Alifikiri kidogo. "Sawa, mkwe wangu. Lakini shangazi haitwi. Shangazi anaendewa."

Alikuwa na haki. Shangazi ndiye mkubwa wa marehemu baba mkwe, na hakuna hesabu ya muda inayoweza kumweka kwenye kundi na wengine. Jumapili nzima nikamwandikia yeye peke yake. Kisha nikatoa ombi ambalo nilikuwa nimelishikilia moyoni kwa muda: Jumatatu, mama, twende wote Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya mapangoni.

"Mimi? Na magoti haya?"

Nikamwambia tutapanda polepole. Akasema atamwomba Mungu, jibu ambalo kwake maana yake ni ndiyo.

Tulipanda treni ya umeme Jumatano asubuhi, nauli ya daraja la kawaida shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Tangu ianze kubeba abiria mpaka Dodoma, Julai 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima kwenye basi imekuwa ya saa tatu na kitu hadi nne. Kwa mwenye watoto wanaotapika garini, kama wangu, hiyo ni neema kubwa. Baada ya Morogoro watoto waliganda dirishani kwa ajili ya mahandaki ya kule Kilosa, mwanga ukikatika na kurudi. Kisha nchi ikabadilika yenyewe mbele ya macho yetu, kijani kikabaki nyuma, vikaja vichaka vya miiba, mawe makubwa na mibuyu iliyoanza kupukutisha majani. Tulilala kwa wifi mjini. Alhamisi mchana tulikuwa Mvumi.

Nilipofika uani kwa mama nilipiga magoti kidogo nikamwamkia "Mbukwa", salamu ya Kigogo, na wanangu nilikuwa nimewafundisha ndani ya basi. Mdogo akaiamkia mbukwa kila kitu chenye miguu, mbuzi wakiwemo. Mama alifurahi mpaka akakaa chini.

Juni ni mwezi mzuri wa kwenda Ugogoni, na nawashauri wenye likizo waufikirie. Baridi ya asubuhi inahitaji sweta, mvua hakuna, na watu wana chakula kwa sababu mavuno yametoka. Uani kwa mama uwele ulikuwa umeanikwa, masuke marefu ya kijivu, na wajukuu wakubwa wanapura kwa fimbo huku yeye anapepeta kwa ungo. Nilijaribu kupepeta nikamwaga. Yeye aliurusha ungo juu mara moja, upepo ukachukua makapi, punje zikarudi zote mikononi mwake kama zimeitwa.

Jioni ile nilikaa naye jikoni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo katika ndoa ya miaka kumi na mbili sikuwahi kulifanya. Alichemsha maji kwenye chungu kidogo, akatia magadi kiasi cha ncha ya kijiko, kisha akamimina mlenda mkavu, majani ya porini aliyoyachuma masika, akayaanika na kuyatwanga. Hakuufunika. Aliusokota kwa upekecho katikati ya viganja, taratibu, mpaka ukaanza kupanda na kushuka kwa uzito wake wenyewe. Akaongeza karanga zilizotwangwa. Pembeni ugali wa uwele ulikuwa unasongwa na wifi mdogo, ugali wenye rangi ya majivu mabichi na harufu ya nafaka halisi, siyo ile harufu ya gunia la dukani.

Mwanangu mkubwa alichovya tonge, mlenda ukamfuata kwa uzi mrefu mpaka kidevuni. Akataka kulia kwa aibu. Bibi yake akamshika mkono, akauzungusha tonge nusu duara kwenye ukingo wa bakuli, uzi ukakatika pale pale. "Hivi. Usiuvute, ukate." Akarudia mara tatu, mtoto akaweza. Usiku ule alikula ugali wa uwele kuliko nilivyowahi kumwona akila chochote kwangu.

Ijumaa walikuja watu thelathini na nne; nilihesabu kwa sababu mimi ndiye niliyepima mchele. Baba wadogo, mawifi, majirani ambao undugu wao nilieleweshwa na bado sijauelewa wote. Mbuzi alitosha. Hakuna aliyelazimika kunipikia kwake na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa aliyewaita ni mama. Nilichojifunza ni kwamba ndugu hawakuwa wanataka nile kwao; walitaka nikae nao. Pale chini ya mwarobaini tulikaa kuanzia saa nne mpaka jua linazama. Baba mdogo mmoja aliwaonyesha watoto nyumba ya tembe iliyobaki kwa jirani, ile ya paa bapa la udongo, siku hizi wanalala mbuzi, akawaeleza walivyokuwa wanaanika nafaka juu ya paa lile. Watoto wakataka zabibu; wakaambiwa zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara kuelekea Machi na mara kuelekea Septemba, kwa hiyo warudi.

Jumamosi tulikuja mjini na mama, tukapanda mpaka Msalato. Mnada ule hukaa Jumamosi, na asiyewahi kufika asidhani ni mambo ya ng'ombe tu. Kuna mitumba, vyungu, majembe, na upande mmoja moshi wa nyama umesimama kama wingu. Unachagua mguu wa mbuzi, unapimiwa kilo, unasubiri. Inakuja imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi kichuguu pembeni, pilipili, ndizi za kuchoma. Ndugu wa mjini walikuja kumi na wanne. Nilikuwa nimejiandaa kulipa, shemeji wakakataa kabisa, wakachangishana wenyewe. Vumbi lilikuwa kali na sitaficha kwamba mdogo alikohoa usiku, kwa hiyo mwenye mtoto wa kifua afikirie mara mbili.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa shangazi. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na wanangu niliwapa chai ya rangi tu. Aliweka wali wa mchele wa Bahi, kuku wa kienyeji na maziwa ya mgando. Nilikula, nikaongeza, nikaomba na ukoko. Hakuna aliyetaja mambo ya mwaka juzi. Wakati tunaaga aliingia chumbani akatoka na fungu la ubuyu uliofungwa kwenye kitambaa chake mwenyewe, akanitia mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Nilitoka nje haraka ili asinione machozi.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, Noah ya kukodi, dereva tunayemfahamu, bei tumekubaliana ya kwenda na kurudi pamoja na mafuta. Mama mbele na kanga mbili mabegani. Kutoka Dodoma mpaka Kolo ni kama kilomita 180 za lami, unapita Makutupora yalipo maji ya visima yanayonywesha mji, Zanka, Mayamaya, Chemba, mpaka Kondoa. Njiani mama aliwasimulia watoto jina la Dodoma: tembo alikuja kunywa maji, akadidimia matopeni, watu wakasema idodomya, yaani amezama. Mdogo aliuliza kama tembo alitoka. Bibi yake akasema hilo hakuambiwa.

Kondoa mjini tulikunywa supu na chapati, tukasonga mbele. Kolo kuna ofisi ya michoro pale barabarani. Unajiandikisha, unalipa kiingilio, ambacho kwa Mtanzania ni nafuu, na unapewa mwongozaji. Bila yeye huruhusiwi na pia huwezi kufika, maana njia inaingia porini kisha inakuwa ya miguu, ya kupanda kwenye mawe. Vaeni viatu vinavyofunga na bebeni maji mengi. Mama alipewa fimbo. Alipumzika mara nne, nami nilikaa naye kila mara, mwongozaji akawatanguliza watoto na kuwangoja bila kuonyesha haraka. Namshukuru sana kijana yule.

Halafu mwamba ukatokea, mkubwa, umeinama kama ukumbi wa nyumba. Mwanzoni sikuona kitu. Mwongozaji alinyoosha kijiti bila kugusa jiwe, na pale kijiti kilipoelekea mistari ikaanza kutoka: rangi nyekundu iliyofifia kama kutu, mnyama mwenye pembe, tembo, watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama nywele zimetimuliwa. Picha nyingine zimechorwa juu ya nyingine. Pembeni kuna nyeupe, nene, zilizokuja baadaye zikichorwa na wakulima. Zile nyekundu zinahusishwa na watu walioishi kwa kuwinda na kuokota, jamii kama Wasandawe, ambao mpaka leo wako magharibi ya hapo. Ni zaidi ya mapango 150 katika vilima hivi, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili michoro yake mwaka 1951. Miaka sitini na nane mama mkwe ameishi mkoa huu huu na hakuwahi kuyaona.

Alisimama mbele ya mwamba muda mrefu, ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. Kisha akamuuliza mwongozaji: "Aliyechora hapa, mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha?"

Kijana hakucheka. Alimjibu kwa adabu kwamba hilo hakuna ajuaye, ila mpaka leo kuna wazee wanaokuja kwenye mapango haya kuomba mvua na uponyaji. Mama akaitikia kwa kichwa. Ni mwana kwaya wa Anglikana tangu ujana, sikutegemea angesema kitu. Lakini akawavuta wanangu karibu akawaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba babu yake alikuwa akienda kwa mtemi na wazee wenzake mvua ikikawia, wakiongozwa kwenye mawe ya mvua, na kwamba yeye akiwa mtoto alikuwa akibaki nyumbani na wanawake, wanangoja kusikia miguu inarudi. Mume wangu hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Nilipompigia usiku alisema naye ndiyo kwanza anaisikia.

Tulishuka jua likiwa kali, magoti yakamsumbua, tukampaka dawa ya kuchua garini. Alilala kuanzia Kondoa mpaka taa za mjini.

Jumanne stesheni alinikabidhi mfuko: unga wa uwele, karanga, mlenda mkavu, na juu kabisa ule upekecho, umeshakuwa mweusi kwa moshi. Nikamwambia mama, huu ndio wako wa jikoni. Akasema mwingine utachongwa. Nimeutumia mara mbili hapa Mbagala. Bado mlenda wangu unakuwa mzito, magadi nadhani nazidisha.

Jana alipiga simu. Desemba anakuja, anataka kuiona bahari kwa miguu yake. Shangazi amesikia, naye ameomba nafasi. Nimeshaulizia godoro.